Gari la Rangi Mbili

Kisauni, Jumatatu, 2 Oktoba 1961

Mvua ya kwanza ya vuli imenyesha alfajiri, si nyingi. Baada ya chai amekuja Ghanim, mtoto wa marehemu ndugu yangu. Nimemlea tangu alipokuwa na miaka sita, na gereji yake iko juu ya kiwanja changu kando ya barabara ya Malindi. Amenibusu mkono, akakaa, akazungumza habari za mvua na za mkewe Zubeida, nami nikajua kwamba ana jambo.

Jambo lenyewe ni gari. Mzungu mmoja wa Nyali anarudi kwao, kama wengi mwaka huu, na amemwachia gari la milango minne ambalo, kwa maneno ya Ghanim, liligusa mti. Anataka nimchagulie rangi. Nikamwuliza tangu lini mwalimu wa lugha akawa fundi wa rangi.

"Ami, Kisauni nzima hakuna jicho linaloona kombo kama lako," akasema. "Uliwahi kunirudisha niandike upya ukurasa mzima kwa herufi moja iliyolala."

Si kweli. Nilimrudisha mara tatu.

Jumatano, 4 Oktoba

Gari nimeliona. Bado halina rangi. Limepakwa dawa ya kuzuia kutu, na kila mahali lina viraka vya patti, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bati, iliyosuguliwa kwa msasa. Kwa macho yangu lilikuwa sawasawa. Dishon, Mtaita, fundi wa rangi wa Ghanim, mtu wa maneno machache, akachota maji kwa kopo akaumwagia mlango, kisha akaniambia nichutame niutazame kwa ubavu. Bati lililolowa liling'aa kama kioo, na ndani yake paa la gereji likaonekana limelegea kama kamba ya kuanikia nguo.

"Haya mabonde yote, Mwalimu, rangi mbaya itayaonyesha," akasema.

Nikauliza rangi nzuri ni ipi. Akasema hiyo ndiyo kazi niliyoitiwa.

Jumamosi, 7 Oktoba

Dishon amenipa vipande sita vya bati. Kila kimoja kimegongwa nyundo mara tatu kwa nguvu ile ile, kisha kikapakwa rangi yake: nyeusi, nyekundu, samawati, kijani, maziwa, na kijivu hafifu. Nimevipanga barazani nikavitazama saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni, vikavu na vilivyolowa, na kila nililoliona nimeliandika. Mke wangu, Bi Kuluthum, amesema nimestaafu nikafungua shule ya mabati, na kwamba wanafunzi hawa angalau hawaombi ruhusa ya kwenda chooni.

Jumatatu, 9 Oktoba

Matokeo ni haya. Nyeusi haisitiri kitu. Kila mbonyeo huonekana kabla ya gari lenyewe. Nyekundu na samawati husitiri asubuhi na hufichua mchana. Kijani ni afadhali kidogo. Maziwa na kijivu hafifu ndizo rangi za kutegemewa: mwanga hutawanyika juu yake, na jicho hukosa pa kushika. Mng'aro ukipunguzwa, husitiri zaidi.

Nimempelekea Ghanim ukurasa mzima. Ameusoma kwa sauti mbele ya mafundi wake, na mmoja akapiga makofi. Nakiri kwamba nilifurahi.

Alhamisi, 12 Oktoba

Ghanim ameamua kutumia zote mbili, maziwa juu na kijivu chini, kama magari mapya yanayoshushwa Kilindini. Ametaka mstari unaozitenga utoke kwenye taa ya mbele, upite chini ya vioo, kisha uteremke nyuma ya mlango wa mbele mpaka chini kabisa, ndipo upande tena kuelekea taa ya nyuma. Nilimwambia kwamba mteremko ule hauna sababu. Akasema ndio mtindo. Dishon alikuwa akikoroga rangi, hakuinua kichwa.

Nimeuchora mstari kwa chaki, kwa mkono mtupu, pande zote mbili. Hakuna palipotetema.

Jumamosi, 14 Oktoba

Mvua. Rangi haikauki. Dishon amefunga turubai na kuwasha jiko la makaa chini yake.

Jumatatu, 16 Oktoba

Amekuja Nguma wa Mishomoroni kunionyesha barua yake ya kuomba leseni ya teksi, nione kama ina kosa. Haikuwa nalo. Ni Mgiriama, Mkristo, karani wa bandarini, na katika miaka thelathini na mitano ya kufundisha sikupata mwanafunzi aliyenisikiliza kama yeye. Mwaka juzi mkewe, Mbeyu, alijifungulia kando ya barabara wakingojea basi la kuwavusha darajani kwenda hospitali, na mtoto hakuishi. Tangu siku ile Nguma hana neno jingine ila gari. Sasa ameuza minazi ya marehemu baba yake, yote, na ameacha kazi, na anatafuta gari la kuwabebea watu wa Mishomoroni, wagonjwa kwanza.

Nikamwambia asitafute tena. Nikamtuma kwa Ghanim.

Jumamosi, 21 Oktoba

Leo gari limeuzwa, nami nimesimamia.

Sikutaka lipite hivi hivi. Nilimwita Ghanim kando nikamkumbusha sheria niliyomfundisha, kwamba muuzaji Mwislamu hataji uzuri wa kitu kabla hajataja ila yake, na akiificha, mali aliyopata haina baraka. Akasema, "Ami, hilo wanikumbusha mimi?" Kisha mbele ya Nguma na mafundi wote nikamwuliza kwa sauti kama gari lina ila. Akazitaja tatu bila kusitasita: kitasa cha mlango wa nyuma ni kigumu, kipimo cha mafuta hudanganya tangi likiwa nusu, na boneti ilibonyea ikanyooshwa. Alizitaja kama mtoto asomaye sura aliyoihifadhi vizuri. Niliona fahari.

Dishon alikuwa anafuta mikono. Akamwambia Nguma, kama mtu anayezungumza na kitambaa chake, "Bwana, si uiname utazame na chini?"

Nguma akacheka. "Mwalimu amesimama hapa, niiname nitafute nini?"

Waliokuwapo wote walicheka, nami nilicheka nao. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno zuri kuliko lile. Nguma aliliondoa gari polepole sana, na lilipopita juani nililitazama kwa ubavu kama nilivyofundishwa. Halikuonyesha kitu.

Jumanne, 24 Oktoba

Nguma amepita na abiria watano, akapiga honi mara mbili mbele ya baraza. Bi Kuluthum amesema gari lile sasa ni kama mkwe, lazima litusalimu.

Jumapili, 29 Oktoba

Nguma ametupeleka hospitali, mimi na Bi Kuluthum, kumtazama dada wa Bi Kuluthum. Nilikaa mbele. Alikataa katakata nauli. Mvua ilikuwa kubwa na alikwenda kwa adabu, bila haraka. Tulipofika darajani nilisikia kilio kidogo upande wangu, chini ya mlango, kama kiti kikuukuu kinapokaliwa. Nilimwambia. Akasema huenda ni bawaba.

Jumatano, 1 Novemba

Mvua.

Jumamosi, 4 Novemba

Mvua. Wanasema barabara ya Malindi imekatika mbele ya Kilifi. Wazee hawakumbuki vuli kama hii. Nguma sijamwona tangu Jumatano.

Alhamisi, 9 Novemba

Jana nilimtuma mtu kwa Nguma ili nimsahihishie hesabu ya safari zake kama tulivyoagana. Amejibu kwamba ana shughuli. Sikuzoea jibu kama hilo kutoka kwake. Gari huwabadilisha watu.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimemwona Nguma dukani. Aliniamkia kwa heshima zote, akachukua sukari yake, akatoka. Hakuuliza hali ya nyumbani, na alikuwa kwa miguu katika matope. Nikasema moyoni kwamba ameajiri dereva na sasa amejiona bwana. Nimemweleza Ghanim. Akacheka, akasema, "Ndivyo walivyo hawa, Ami. Ukimwinua, anakusahau." Nikamwambia asizungumze hivyo juu ya mwanafunzi wangu. Lakini sikumkatalia kwa nguvu niliyopaswa kumkatalia, na hilo naliandika hapa.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimetoka msikitini baada ya swala nikamkuta Dishon ananingoja ng'ambo ya barabara, amejifunika gunia kichwani, na furushi lake liko begani. Amesema ameacha kazi na anaondoka na gari moshi la jioni kwenda kwao Voi, na kwamba ana neno moja ambalo hawezi kuondoka nalo.

Tukasimama chini ya upenu wa duka. Ninaandika alivyosema, nisiongeze wala nisipunguze.

Gari lile halikugusa mti. Lilianguka kutoka darajani huko njia ya Kilifi, na mbele yake yote ikasagika. Ghanim akanunua gari jingine la aina ile ile lililoungua nyuma. Wakayakata yote mawili katikati kwa msumeno, nyuma ya mlango wa mbele, sakafu na nguzo na chuma cha chini kinachobeba uzito, wakaziunga nusu mbili nzima kwa moto wa kulehemu. Patti ikapakwa juu ya mshono. Lakini mshono hauishi kuonekana, kwa sababu bati hupanuka juani na kunywea kwenye mvua, na rangi moja hupasuka mstari pale pale. Ndiyo maana Ghanim alitaka rangi mbili, zikutane juu ya mshono, ili ufa ukitokea uonekane ni mpaka wa rangi.

"Mstari uliouchora, Mwalimu, ndio huo," akasema. "Juu ya kidonda chenyewe."

Nikamwuliza kwa nini hakunena siku ile.

"Nilinena. Nilimwambia ainame." Akalisogeza furushi begani. "Nina watoto wanne, Mwalimu. Na wewe nilidhani unajua. Ule ukurasa wako ulikuwa na kila kitu."

Amekwenda zake. Nimesimama pale mpaka mwenye duka akaniuliza kama ninaumwa.

Jumamosi, 18 Novemba

Nimekwenda Mishomoroni kwa miguu, basi halipiti. Nilikuwa nimetayarisha maneno, na njiani nikayaacha yote.

Gari liko nyuma ya nyumba ya Nguma, limefunikwa makuti. Nguma alikuwa akichonga mpini wa jembe. Mbeyu alikuwa jikoni. Nikamwambia Nguma kwamba asilipande tena gari lile, wala asimpandishe mtu, na nikaanza kumweleza sababu. Akaweka panga chini.

"Ninajua, Mwalimu. Tangu Alhamisi ile ya mvua kubwa. Nilikuwa naliosha, ukatokea ufa chini ya mlango. Nikaingiza kisu, kikazama chote mpaka mpini."

Hiyo ilikuwa tarehe mbili. Siku kumi na sita. Nikamwuliza kwa nini hakuja kwangu.

Hakunitazama. "Nilidhani unajua."

"Ulidhani ninajua, na hukuja kuniuliza?"

"Ningekuuliza vipi? Nisimame mlangoni kwako nikwambie umeniuza? Kisha unijibu nini, nami nikuitikie nini?"

Mbeyu akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mimi nilimwambia aje akutukane," akasema. "Nilimwambia, nenda kamtukane yule mzee, nami nitakushikia mwavuli. Amekataa. Amekaa hapa usiku na mchana anakuonea wewe aibu, badala ya wewe kujionea mwenyewe."

Nguma akamwambia anyamaze. Nikamwambia amwache aseme. Lakini alikuwa amemaliza. Akarudi jikoni, na nikamsikia analia pamoja na kelele za sufuria.

Nilimwapia Nguma wallahi kwamba sikujua. Akasema, "Nimesikia, Mwalimu." Hakusema kwamba ameamini. Katika maisha yangu sijapata kuapa ili mtu aamini neno langu, na leo nimeapa na halikutosha.

Nimelifunua gari. Nimechutama katika matope nikautazama mstari wangu. Umenyooka. Ufa unaufuata tangu juu hadi chini bila kukosea hata unywele.

Jumatatu, 20 Novemba

Nimekwenda gereji, na sikukubali kiti. Ghanim alipoona uso wangu akawatoa mafundi. Hakukana. Ningependelea akane.

Nilimwuliza ilikuwaje akataja ila tatu kwa uchamungu ule. Akasema, "Ami, ningesema halina ila hata moja, usingeniamini. Mwenyewe ulinifundisha kwamba mwongo hujulikana kwa kusema kila kitu ni kizuri."

Nikamwambia kwamba nilimlea. Nikamwambia kwamba gari lile lingekatika darajani na watu ndani, na mimi na Bi Kuluthum tulikuwa ndani yake. Hapo tu ndipo alipogeuza uso. Alikuwa hajui kwamba tulilipanda. Kwa hiyo ameona haya kwa ajili yetu, si kwa ajili ya wengine. Na nimegundua kwamba hilo limenivunja zaidi ya uongo wenyewe.

Kisha akakasirika, kama wafanyavyo waliofumaniwa. "Nguma, Nguma! Mwaka ujao, mwaka wa pili, Mwingereza hayupo, na hao ndio watakaotutawala. Wazee wenzako kila Ijumaa wanazungumzia Mwambao kujitenga, mwisho wetu utakuwaje. Mimi ninajijengea. Wewe unamlilia Nguma. Nani atakulilia wewe?"

"Mrudishie haki yake," nikasema.

"Na gari nilifanyeje? Nikae nalo? Nitalipeleka Lamu, huko hawanijui. Litapakwa upya." Akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi, akaiweka mbele yangu. Ilikuwa ukurasa wangu, umeingia mafuta ya mikono. "Rangi uliichagua wewe, Ami."

Mwandiko ulikuwa mzuri sana.

Jumanne, 21 Novemba

Mvua. Sikutoka.

Jumatano, 22 Novemba

Mvua. Bi Kuluthum ameuliza kama namwachia Ghanim jambo hili kwa sababu ni damu yangu. Nimemwambia namtafutia njia. Amesema njia ninaijua tangu Jumatatu, ila inapita juu ya kitu ninachokipenda.

Jumamosi, 25 Novemba

Kile kiwanja cha barabarani baba yetu alitugawia sisi wawili, mimi na ndugu yangu, na ndugu yangu aliniuzia sehemu yake alipougua. Ghanim amekitaka tangu alipopata mke. Sikuwahi kumkatalia, nilimwambia asubiri nife.

Leo mbele ya mashahidi wawili nimemwandikia kiwanja chote. Naye, kama tulivyopatana, amemrudishia Nguma fedha zake zote mkononi, na gari limekuwa langu, lisifike Lamu. Mashahidi walidhani ninampa zawadi, wakaniombea dua. Ghanim alitaka kunibusu mkono. Nimeurudisha mfukoni.

Mtu aliyenisaliti amepata alichokitaka, na mimi ndiye niliyemwandikia hati, bila kosa hata moja. Sioni haja ya kulipamba jambo hili.

Ijumaa, 1 Desemba

Lori limelivuta gari mpaka uani kwetu. Watoto wa jirani wamelishangilia. Ghanim amemtuma mkewe Zubeida na sinia la halua. Bi Kuluthum amempokea Zubeida na kulirudisha sinia.

Jumatatu, 4 Desemba

Nimelikwangua. Nilitumia msasa na maji, kisha patasi pale patti ilipokuwa nene. Kazi ya siku tatu. Mafundi wawili wa Ghanim walipita wakajifanya hawaoni. Mshono sasa uko wazi pande zote mbili, mweusi, umevimba, na unaonekana kutoka barabarani na mtu yeyote anayepita. Kila aulizaye nimemwambia nini kilitendeka, nani alikitenda, na nani alichagua rangi. Wengine wameona si vizuri kumtaja mtoto wa ndugu yangu. Nimewataja wote wawili, yeye na mimi.

Jumamosi, 9 Desemba

Tanganyika wamepata uhuru wao. Redio za mtaa mzima zimefunguliwa. Gereji ya Ghanim imefungwa leo. Wanasema wateja wamepungua, wengine wanasema amekwenda Lamu. Sikuuliza.

Alhamisi, 14 Desemba

Mvua imeanza kupungua. Asubuhi hii Nguma amepita akielekea bandarini. Wamemrudisha kazini, lakini kwa cheo cha chini ya kile alichokiacha. Mnunuzi wa minazi amekataa kumwuzia tena. Nguma alisimama nje ya uzio akautazama ubavu wa gari kwa muda mrefu, kisha akaingia, akaniamkia, akamwamkia Bi Kuluthum. Chai alikataa.

Akaniambia kwamba Changamwe kuna mtu anauza gari, dogo, kuukuu, na Jumapili baada ya ibada atakwenda kuliona. Bado analitaka. Mbeyu ni mjamzito.

Nikamwuliza kama ningeweza kufuatana naye. Nilisema kwamba sasa najua pa kutazama.

Alifikiri, na niliona kwamba anatafuta namna ya kusema isiyoniumiza, kama alivyofanya siku zote.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Safari hii nitatazama mwenyewe."

Nikamwambia kwamba hilo ni jibu sahihi. Nimemsindikiza mpaka barabarani, nikarudi ndani.